Haki Ipo, Mlipaji Hayupo: Wafungwa wa Marekani na Kinga ya Serikali

Septemba 2013, katika gereza la Montford mjini Lubbock, Texas, mfungwa mmoja aliingizwa kwenye seli iliyopakwa kinyesi cha binadamu karibu kila mahali: sakafuni, kutani, darini, dirishani. Hata mdomo wa bomba la maji ulikuwa umejaa kinyesi. Kwa kuogopa maradhi, alikaa karibu siku nne bila kula wala kunywa. Kisha askari wakamhamishia seli nyingine yenye baridi kali. Humo hamkuwa na kitanda, na badala ya choo palikuwa na tundu la mtaro sakafuni, nalo limeziba. Akawa uchi. Akajizuia kukojoa zaidi ya saa 24, mpaka mwili ukamshinda, maji machafu yakafurika, naye ikambidi alale humohumo. Askari mmoja alisema mfungwa huyo ana wikiendi ndefu. Mwingine alisema anatumaini ataganda kwa baridi. Zote hizo ni siku sita.

Hayo ni maelezo ya mfungwa mwenyewe, na mahakama iliyachukua kama yalivyo ili kuamua jambo moja tu: je, askari hao wanaweza kudaiwa fidia? Desemba 2019 mahakama ya rufani ya shirikisho inayohudumia Texas, Louisiana na Mississippi ilikubali kwamba kumweka binadamu katika hali hiyo kunavunja Katiba. Kisha ikawakinga askari. Sababu yake ni kwamba hapakuwa na hukumu ya awali iliyotamka wazi kuwa siku sita tu zinatosha kuwa ukatili. Kwa kuwa sheria haikuwa wazi, ilisema mahakama, askari hawakuwa wametahadharishwa.

Asiyeijua sheria ya Marekani atauliza: kama Katiba imevunjwa, na walioivunja wanajulikana kwa majina, kwa nini wasilipe? Na kama askari wana kinga, kwa nini isilipe Texas yenyewe, iliyowaajiri na kuwakabidhi funguo? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili. Nayaandika kwa sababu naamini kwamba haki ambayo ikivunjwa hakuna anayewajibika kulipa, kwa mfungwa imebaki nusu.

Mwaka mmoja, sauti mbili

Mwaka 1871 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Virginia ilitamka kwamba mfungwa, kwa muda wote wa kifungo chake, ni mtumwa wa dola. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Rais Ulysses Grant alitia saini sheria ya kupambana na Ku Klux Klan, kundi lililokuwa likiua na kutesa watu weusi wa majimbo ya kusini huku wenye mamlaka wakifumba macho au wakishiriki. Kifungu cha kwanza cha sheria hiyo kilisema kwamba mtu yeyote anayetumia mamlaka ya jimbo kuvunja haki ya kikatiba ya mwenzake anaweza kushtakiwa na aliyeumizwa, na kudaiwa fidia. Leo wanasheria wanakiita Kifungu cha 1983. Hiyo ni namba yake katika mkusanyiko wa sheria za shirikisho, na haina uhusiano wowote na mwaka 1983.

Kifungu hicho kililala karibu miaka 90. Kiliamshwa mwaka 1961, katika shauri la Monroe dhidi ya Pape, baada ya polisi wa Chicago kuvamia nyumba ya familia moja ya watu weusi alfajiri bila hati ya upekuzi. Mwaka 1964 kikaingia gerezani: Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mfungwa Mwislamu wa gereza la Stateville, Illinois, aliyenyimwa Kurani na vitabu vya dini yake, kuendelea na kesi dhidi ya mkuu wa gereza. Mwaka 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble, mahakama hiyo ikasema kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Marekebisho ya 8 ya Katiba. Mwaka 1994 ikaongeza sharti: mdai athibitishe kwamba askari aliijua hatari kweli, akaipuuza. Uzembe peke yake hautoshi.

Kwa hiyo haki zimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Ugumu unaanza pale mfungwa anapouliza nani atamlipa.

Jimbo halihesabiwi kuwa mtu

Jibu la kwanza analokutana nalo ni kwamba jimbo halilipi. Mwaka 1793 Mahakama ya Juu iliruhusu raia wa South Carolina kuidai Georgia deni la vita. Majimbo, yaliyokuwa yameelemewa na madeni, yalishtuka, na kufikia 1795 Katiba ikawa imeongezewa Marekebisho ya 11. Maneno yake yanazuia raia wa jimbo moja kulishtaki jimbo jingine katika mahakama ya shirikisho. Hayagusi kabisa raia anayelishtaki jimbo lake mwenyewe. Lakini mwaka 1890 Mahakama ya Juu iliyapanua yakamzuia na huyo pia, kwa hoja kwamba dola haishtakiwi bila ridhaa yake, kanuni yenye mizizi katika sheria ya Uingereza na heshima ya mfalme.

Je, sheria ya 1871 haikuivunja kinga hiyo? Mwaka 1979 mahakama ilijibu kwamba haikuivunja. Mwaka 1989, katika shauri la Will dhidi ya Polisi wa Jimbo la Michigan, ikamalizia: Kifungu cha 1983 kinaruhusu kumshtaki "mtu", na jimbo si mtu kwa maana ya kifungu hicho. Idara ya magereza ni sehemu ya jimbo, hivyo nayo si mtu. Kamishna wa magereza akishtakiwa kwa wadhifa wake kwa ajili ya fedha, huyo ni jimbo kwa jina jingine, na dai linatupwa.

Mfungwa amebakiwa na dawa moja dhidi ya jimbo: amri ya mahakama ya kusimamisha dhuluma kuanzia leo. Dawa hiyo ina nguvu kweli. Mwaka 2011, katika shauri la Brown dhidi ya Plata, California iliamriwa kupunguza wafungwa mpaka wasizidi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza yake, kwa sababu msongamano ulikuwa umefanya huduma ya tiba kuporomoka na watu kufa bila sababu. Lakini amri ya namna hiyo inatazama mbele. Aliyekwisha kupoteza jicho, figo au mtoto haimrudishii kitu. Na mfungwa akiachiwa, au akihamishiwa gereza jingine, mara nyingi mahakama husema hana tena jambo la kuzuiwa, na shauri linafungwa. Kwa mtu ambaye dhuluma yake imekwisha kutendeka, fedha ndiyo dawa pekee iliyobaki, nayo ndiyo imefungiwa.

Ukuta huo una nyufa chache. Mwaka 2006 lilifika Mahakama ya Juu shauri la mfungwa wa Georgia aliyepooza miguu. Alidai kwamba alifungiwa saa 23 hadi 24 kwa siku katika seli yenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 3, asiweze hata kugeuza kiti chake cha magurudumu. Majaji wote waliamua kwamba sheria ya haki za watu wenye ulemavu inaweza kulifanya jimbo lenyewe lidaiwe fidia, pale tendo linapokuwa limevunja Katiba pia. Mahakama hiyohiyo iliyolinda hazina za majimbo kwa miaka mingi iliweza, kwa sauti moja, kusema kwamba Bunge lina uwezo wa kuiondoa kinga hiyo.

Jambo jingine linaloamua hatima ya mdai ni mahali alipofungiwa. Magereza ya waliohukumiwa vifungo virefu kwa kawaida ni ya jimbo. Jela za mahabusu kwa kawaida ni za kaunti. Tangu shauri la Monell la 1978, kaunti na miji huhesabiwa kuwa "mtu" na hudaiwa, lakini kwa sharti kwamba dhuluma ilitokana na sera au desturi ya kaunti yenyewe. Kumwajiri aliyetenda kosa hakutoshi. Watu wawili wanaweza kupigwa kipigo kilekile siku moja, mmoja katika jela ya kaunti na mwingine katika gereza la jimbo, wakawa na njia tofauti kabisa mbele ya sheria.

Askari na kinga yake

Jimbo likishajitoa, mfungwa anaelekezwa kwa askari kama mtu binafsi, mwenye mshahara wake na nyumba yake. Hapo anakutana na kinga yenye masharti. Haimo katika Katiba wala katika sheria ya 1871. Ilitengenezwa na majaji, ikachukua sura yake ya sasa mwaka 1982. Inasema mtumishi wa umma halipi fidia isipokuwa alivunja haki ambayo ilikuwa imethibitishwa wazi na sheria siku aliyotenda. Kwa vitendo, mdai hutakiwa aonyeshe hukumu ya awali yenye mazingira yanayofanana mno na yake.

Tazama ugumu wake. Hukumu za awali zinatokana na kesi, na tangu 2009 jaji anaruhusiwa kuacha swali la iwapo haki ilivunjwa, akasema tu kwamba haikuwa wazi, akafunga jalada. Akifanya hivyo, mfungwa wa kesho naye hana hukumu ya kuonyesha. Sheria inabaki haijathibitishwa kwa sababu mahakama inakwepa kuithibitisha.

Mahakama ya Juu yenyewe imeonya mara mbili kwamba mambo yana mpaka. Mara ya kwanza ni mwaka 2002, shauri la Hope dhidi ya Pelzer. Mwaka 1995 askari wa Alabama walimfunga mfungwa kwa pingu kwenye nguzo juani, bila shati, kwa saa saba. Alipewa maji mara moja au mbili, hakuruhusiwa kwenda choo, na kwa maelezo yake askari mmoja aliwapa mbwa maji kwanza, akamsogezea ndoo ya maji, kisha akaipiga teke mbele yake. Mahakama ilisema ukatili wa wazi hauhitaji hukumu yenye kufanana nao neno kwa neno. Mara ya pili ni Novemba 2, 2020, katika shauri la seli ya Lubbock nililoanza nalo. Mahakama iliitengua hukumu ya rufani ikisema hakuna askari mwenye akili timamu angeweza kudhani Katiba inaruhusu hali ile, kwani hapakuwa na dharura wala ulazima wowote. Kumbuka tarehe: miaka saba baada ya tukio, mdai alipata ruhusa ya kuendelea na kesi tu. Hakuwa amelipwa.

Watetezi wa kinga hii wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Askari magereza hufanya kazi ngumu, mara nyingi wachache kwa wafungwa wengi, na huamua mambo kwa sekunde pale panapozuka ghasia. Wakiishi kwa hofu ya kufilisiwa, hawatathubutu kutenda. Nakubali kwamba sheria impe nafasi mtu anayeamua katikati ya ngumi na visu. Lakini sheria tayari inampa: mfungwa lazima athibitishe nia mbaya au upuuzaji wa makusudi, jambo gumu kuliko uzembe wa kawaida unaomtosha raia wa mtaani. Na dhuluma nyingi za magerezani hazitokei kwa sekunde. Kumnyima mgonjwa insulini huchukua siku, na kumwacha mtu kwenye kinyesi kulichukua siku sita.

Kuna ajabu nyingine. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba askari wa kampuni binafsi inayoendesha gereza kwa faida, katika shauri lililotoka Tennessee, hawana kinga hiyo. Mfungwa wa kampuni kwa hili ana nafasi nzuri kuliko mfungwa wa serikali, ingawa wote wamefungwa kwa amri ya dola ileile.

Nywele za Louisiana

Shauri la Landor dhidi ya Idara ya Magereza ya Louisiana linaonyesha jinsi mdai anavyoweza kukosa mtu wa kumdai pande zote mbili. Mwaka 2020 mfungwa wa imani ya Rastafari alikuwa amebakiza wiki tatu kati ya miezi mitano ya kifungo. Kwa karibu miaka 20 hakuwa amekata nywele, kwa ajili ya nadhiri yake. Alipohamishiwa gereza jipya alimkabidhi askari nakala ya hukumu ya mahakama ya rufani ya 2017 iliyosema kwamba magereza ya Louisiana hayaruhusiwi kuwakata Rasta nywele. Kwa mujibu wa madai yake, askari aliitupa ile nakala kwenye pipa la taka. Kisha mfungwa akafungwa pingu kwenye kiti, akashikwa, akanyolewa kipara.

Safari hii hakuna aliyeweza kusema sheria haikuwa wazi, maana mfungwa aliwapelekea mkononi. Mahakama ya rufani ililaani kwa nguvu alichotendewa. Lakini alikuwa amedai kwa sheria ya 2000 inayolinda ibada za watu walio kifungoni, na sheria hiyo husimama kama mkataba: jimbo linapokea fedha za shirikisho, nalo linakubali masharti. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba jimbo, kwa kukubali masharti hayo, halikukubali kulipa fidia. Mahakama ya rufani ikaongeza kwamba askari naye halipi, kwa kuwa si yeye aliyepokea fedha. Aliyeafiki mkataba halipi kwa sababu ni dola, na aliyeshika mashine ya kunyolea halipi kwa sababu hakuafiki mkataba. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambako hoja zilisikilizwa Novemba 2025. Linalotia uchungu zaidi ni kwamba sheria dada yake, inayowahusu maofisa wa serikali ya shirikisho, ina maneno yaleyale kuhusu nafuu anayostahili mdai, na Desemba 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba maofisa hao wanaweza kudaiwa fidia kutoka mifukoni mwao.

Wafungwa wa serikali ya shirikisho

Hilo lisimfanye mtu adhani kwamba wafungwa wa shirikisho wana nafuu. Kifungu cha 1983 hakiwahusu kabisa, kwani kinazungumzia mamlaka ya majimbo. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu, katika shauri la Bivens, ilifungua njia ya kumdai ofisa wa shirikisho fidia moja kwa moja kwa msingi wa Katiba, na mwaka 1980 ikairuhusu kwa mfungwa aliyekufa kwa kunyimwa tiba. Tangu hapo imekataa kila ombi la kuipanua. Juni 2025 ilikataa kuitumia kwa mfungwa aliyedai kupigwa na askari wa gereza la shirikisho.

Kilichobaki ni sheria ya 1946 inayoruhusu kuidai serikali yenyewe kwa makosa ya watumishi wake. Hiyo inasaidia: mwaka 2013 mahakama ilithibitisha kwamba mfungwa anaweza kuitumia dhidi ya serikali hata pale askari anapotenda kosa la makusudi akiwa kazini. Lakini haipimi kwa kipimo cha Katiba. Inafuata sheria ya madhara ya jimbo husika, na inakataa madai yanayogusa maamuzi ya kisera, eneo ambalo mawakili wa serikali hulipanua kila wanapopata nafasi.

Dola moja na senti 50

Juu ya vikwazo hivyo vyote, mwaka 1996 Bunge lilipitisha na Rais Bill Clinton akatia saini sheria ya kupunguza kesi za wafungwa. Wanasiasa walisema mahakama zimejaa malalamiko ya kipuuzi, na ni kweli yalikuwapo. Lakini sheria iliyokusudiwa kuchuja malalamiko hayo imeyazuia pia yaliyo mazito.

Inamtaka mfungwa kwanza amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza, hata kama ngazi hizo haziwezi kumpa senti. Akichelewa siku chache, kesi inakufa. Katika shauri la 2006 muda uliowekwa na magereza ya California ulikuwa siku 15 za kazi. Mfungwa maskini halipi ada ya mahakama papo hapo, lakini hukatwa kidogokidogo kwenye akaunti yake mpaka iishe, ashinde ashindwe. Kesi tatu zikitupwa kwa kukosa msingi, anapoteza nafuu hiyo isipokuwa yumo katika hatari ya karibu ya kuumia. Na hakuna fidia ya maumivu ya akili pasipo jeraha la mwili au tendo la ngono. Aliyefungiwa peke yake mpaka akachanganyikiwa, au aliyevuliwa nguo na kudhalilishwa mbele ya wenzake, mara nyingi huambulia fidia ya jina tu, yaani dola moja.

Ada ya wakili nayo ina kikomo cha asilimia 150 ya kilichotolewa na mahakama. Mwaka 2000, katika kesi iliyotoka jimbo la Maine, mahabusu mmoja alishinda, akapewa dola moja, na mahakama ya rufani ikathibitisha kwamba upande wa pili hauwezi kuamriwa kumlipa wakili wake zaidi ya dola moja na senti 50. Ni wakili gani mwenye ofisi na watumishi atakayeichukua kesi kama hiyo? Ndiyo maana wafungwa walio wengi mno hujiandikia hati wenyewe, kwa kalamu, wakishindana na mawakili wa serikali wanaolipwa kila mwezi.

Mfuko unaolipa

Kinga hizi hutetewa kwa hoja mbili: kulinda hazina ya umma, na kumlinda mtumishi asifilisike. Katika uhalisia, majimbo na kaunti nyingi huwalipia watumishi wao. Profesa Joanna Schwartz wa chuo kikuu cha UCLA alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wake kuhusu polisi, uliohusu miaka 2006 hadi 2011. Aligundua kwamba kati ya fedha zote zilizolipwa wadai, maofisa wenyewe walitoa asilimia 0.02. Uchunguzi huo ulihusu polisi, lakini utaratibu wa mwajiri kumlipia mtumishi ni uleule kwa askari magereza wa majimbo mengi.

Basi mfungwa anaambiwa asilishtaki jimbo, amshtaki askari. Akimshtaki, askari anatetewa na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mfungwa akishinda, mara nyingi jimbo ndilo linalolipa. Katika mzunguko wote huo hazina haikulindwa. Kilicholindwa ni jina la jimbo, lisitajwe kwenye hukumu kwamba lilitenda kosa. Na mfungwa ambaye hakuwajua waliompiga usiku, au ambaye ameumizwa na uamuzi wa watu 20 kila mmoja akifanya kipande chake, hana wa kumtaja, kwa hiyo hana wa kumdai.

Kenya walikopitia

Kanuni ya kwamba dola haishtakiwi ilifika pia Afrika Mashariki, pamoja na sheria za Kiingereza. Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya 2010 inaitaja fidia kuwa mojawapo ya nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa haki inapovunjwa, na inaweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House miaka ya 1980 walipwe fidia, na mdaiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali. Hawakutakiwa kumtafuta kila aliyewamwagia maji gizani.

Shida ya Kenya iko upande wa pili wa hukumu. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali inakataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni, kwa hiyo mshindi hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mhusika alipe, na wapo waliosubiri miaka. Hata hivyo, hukumu inasema wazi nani alikosa. Katika hilo Nairobi imeitangulia Washington.

Kwa familia zenye ndugu kifungoni

Wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili Marekani leo, wakiwamo waliohamia Texas, Kentucky na Ohio kama wakimbizi kutoka Kongo, na baadhi yao wana ndugu ndani. Kwao yafuatayo ni muhimu, ingawa hayachukui nafasi ya wakili. Malalamiko yaandikwe mara moja, kwa fomu ya gereza, yakitaja tarehe, saa, mahali na majina au maelezo ya askari. Kila jibu la kukataliwa likatiwe rufani ngazi inayofuata. Askari akikataa kutoa fomu au akitishia, hilo nalo liandikwe, kwa sababu mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisema mfungwa hadaiwi kumaliza utaratibu ambao kwa kweli haupatikani. Nakala zitumwe nyumbani. Jeraha lolote, hata dogo, lionwe na mganga na liandikwe. Na muda ukimbiliwe: Kentucky na Tennessee hutoa mwaka mmoja wa kufungua kesi ya Kifungu cha 1983, Texas miaka miwili.

Hayo yote ni kupita katika mlango mwembamba. Kuupanua kunawezekana, na jimbo moja limeonyesha namna. Mwaka 2021 New Mexico ilipitisha sheria inayomruhusu mtu kuidai taasisi ya umma yenyewe, katika mahakama za jimbo, kwa kuvunjiwa haki zilizomo katika katiba ya jimbo. Kinga yenye masharti haitumiki, mtumishi hadaiwi kutoka mfukoni mwake, na fidia ina kikomo kilichoanzia dola milioni 2. Askari amelindwa, hazina inajua mpaka wake, na aliyeumizwa anajua mlango wa kubisha.

Bunge la Marekani linaweza kufanya hivyo kwa nchi nzima. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba Bunge, kwa mamlaka linayopewa na Marekebisho ya 14, linaweza kuiondoa kinga ya majimbo na kuyafanya yalipe fidia. Halihitaji kubadili Katiba. Linahitaji kuongeza neno "jimbo" katika sheria ya 1871, pale palipoandikwa "mtu", na kuondoa sharti la jeraha la mwili lililowekwa mwaka 1996. Wabunge hawajafanya hivyo kwa sababu wafungwa katika majimbo karibu yote hawapigi kura, na hakuna anayepoteza kiti kwa kuwasahau. Jimbo linalomnyima mtu uhuru limechukua jukumu la chakula chake, dawa yake na usalama wa mwili wake. Likimdhuru, lilipe kwa jina lake.